Kijana akiinuka miguu inakaza, hatua chache baadaye inaachia: ni nini, na ajipange vipi na shughuli za kila siku?

MhudumuShangani

Habari za jioni wadau, na wakubwa shikamooni.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Mtwara Mjini. Naomba mnisaidie kuhusu kijana wa miaka 19 ninayemfuatilia. Mwili umejengeka, mapaja na vigimbi vimejaa, ingawa hanyanyui vyuma. Akikaa robo saa kisha akainuka ghafla, miguu inakaza, anajivuta hatua tano sita, halafu inaachia na anatembea vizuri kabisa. Akikupa mkono wa salamu, vidole vinachelewa kufunguka. Akipiga chafya, macho yanabaki yamefumba kwa muda. Juzi alipigiwa honi barabarani, akataka kukimbia, akaanguka kama gogo bila hata kutanguliza mikono. Maumivu hana, homa hana. Mama yake anasema ilianza akiwa darasa la pili. Wazazi hawana hali hii, ila dada yake anayo.

Ameshapewa diklofenaki na vidonge vya vitamini B, hakuna kilichobadilika. Mtaani wapo wanaosema ni uvivu, wapo wanaosema amechezewa.

Anafanya kazi kwenye ghala la korosho na anavuka kwa pantoni kwenda Msangamkuu. Hii ni nini? Na mtu wa namna hii ainuke vipi, apande na kushuka gari vipi, ashike vitu vipi?

FizioKusini

Umeeleza vizuri, na maelezo yako yanaelekea sana kwenye miotonia ya kuzaliwa. Kuthibitisha ni kazi ya daktari, lakini mambo ya kuinuka na kutembea hayana haja ya kusubiri majibu.

Kwanza muielewe, maana bila hivyo ushauri wote utaonekana wa ajabu. Misuli yake inakaza sawasawa. Shida ni kuachia. Neva ikileta amri, utando wa msuli unapitisha umeme, msuli unakaza, kisha umeme unatulizwa na msuli unalegea. Sehemu kubwa ya kutuliza hufanywa na kloraidi (chembe za chumvi zenye umeme) inayopita kwenye vilango vidogo vya utando huo. Kwa wenye miotonia hii, jeni iitwayo CLCN1 ina hitilafu, vilango havifunguki ipasavyo, na umeme unaendelea kufyatuka wakati mwenyewe ameshaacha kukaza. Akirudia tendo lile lile mara kadhaa, msuli unalainika. Akipumzika dakika chache, anarudi alikotoka. Na unaolainika ni ule msuli uliotumika tu: akichezesha mikono, miguu haijapata kitu.

Kwa hiyo tendo la kwanza baada ya kutulia ndilo la hatari. Huyu hatakiwi kukaa kimya ili "asijichoshe". Anatakiwa asianze tendo kubwa na misuli baridi.

Mpime hivi. Akae ametulia dakika 10, mikono juu ya mapaja. Akunje ngumi kwa nguvu zote sekunde 5 hadi 10, kisha umwambie afungue haraka, uhesabu sekunde mpaka vidole vinyooke. Arudie mara 5 mfululizo. Muda ukipungua kila mara, ni miotonia inayolainika kwa kazi. Ukiongezeka kila mara, hiyo ni aina nyingine, na umwandikie daktari hivyo hivyo. Kama una nyundo ya mpira, gonga nyama iliyo chini ya dole gumba: dole litajikunja lenyewe na kurudi polepole.

Sasa kuinuka. Akiwa bado ameketi, anyooshe goti moja na kulikunja mara 10, kisha la pili. Avute vidole vya miguu juu na kuvishusha mara 20. Akandamize matako kwenye kiti kidogo na kuachia mara 10, kwa nguvu ya wastani tu. Asogee ukingoni mwa kiti, ayumbe mbele na nyuma mara kadhaa, ainuke nusu, akae, ainuke nusu tena, kisha asimame. Akishasimama asiondoke. Ahamishe uzito mguu wa kulia, wa kushoto, mara 6 hivi, na hatua ya kwanza iwe fupi. Yote haya ni chini ya dakika 2. Akiruka hapo akaanza kwa hatua ndefu, mapaja yanashika goti likiwa limenyooka na anakwenda chini.

Kiti kiwe cha sentimita 45 hadi 50. Kigoda cha jikoni na mkeka vinamfungia magoti yakiwa yamekunjwa sana, na kuinuka hapo ni kutumia misuli yote mikubwa kwa mkupuo. Kama yuko kwenye mkeka, ageukie ubavu, aje kwa magoti na viganja, ayumbe mbele na nyuma mara 10, aweke unyayo mmoja mbele, kisha asukume akishikilia kitu kizito. Choo cha kuchuchumaa ndipo wengi wanapokwama usiku. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya shimo, kinamaliza tatizo kwa gharama ndogo.

Kwenye daladala shida kubwa ni kushuka, maana amekaa kimya njia nzima na konda ana haraka. Aanze kuchezesha magoti na vifundo kituo kimoja kabla, amwambie konda mapema kwamba anashuka polepole, na gari lisimame kabisa. Ile "kushoto kushoto" ya kushuka gari likiwa linajongea isimhusu hata siku moja. Bomba asilikamate kwa ngumi, maana vidole havitaachia kwa wakati na mwili utakuwa umeshatangulia. Alikumbatie kwa mkono, kwenye kiwiko, au aegemeze kiganja wazi. Kwenye pantoni asimame wakati bado inakaribia gati, atembee papo hapo mahali pake, na asishuke na wimbi la kwanza la watu.

Honi aliyopigiwa imeeleza mengi. Mshtuko unakazisha misuli mingi kwa pamoja, na mikono ya kujikinga haiji. Barabarani achezeshe miguu akiwa pembeni, avuke kwa mwendo wa kawaida pakiwa peupe, asivuke kwa kukimbilia nafasi.

Korosho_na_Bahari

Wakuu, huku kwetu mtu aliyekakamaa anakandwa kwa maji ya moto sana, ananyooshwa kwa nguvu mpaka viungo viachie, na anakunywa madafu kwa wingi kwa ajili ya misuli. Kwa nini asianzie hapo?

FizioKusini

Kaka, nakuelewa, na joto la wastani halina ubaya: kuoga maji ya uvuguvugu asubuhi kunamsaidia, hasa kwa walio Newala na maeneo mengine ya uwanda wa juu ambako asubuhi za Juni na Julai kuna baridi. Lakini kunyoosha kwa nguvu hapana. Msuli uliojikaza wenyewe ukiuvuta unakaza zaidi, na unaweza kuuchana. Kukanda hakugusi vilango vya kloraidi, na maji ya moto sana yataunguza ngozi tu.

Kunyoosha kwake kuwe hivi: baada ya kutembea dakika 10, anyooshe kigimbi akiwa ameegemea ukuta, kisigino chini, sekunde 20 hadi 30, mara 3 kila mguu, bila kudundadunda. Vigimbi visisahauliwe, kwa sababu baadhi ya wagonjwa visigino hupanda kwa miaka na wanaishia kutembea kwa vidole. Kutembea dakika 20 hadi 30, siku 3 hadi 5 kwa wiki, kunamfaa. Kunyanyua uzito wa juu kabisa hakumfai, hata kama mwili unaonekana wa kupiga mzigo.

Madafu namwachia daktari.

TabibuLindi

Naunga mkono yote aliyosema FizioKusini. Niongeze upande wa tiba.

Miotonia ya kuzaliwa ina sura mbili. Ya kwanza inaitwa kwa jina la Julius Thomsen, daktari aliyeieleza mwaka 1876 akiwa nayo mwenyewe pamoja na watu wa ukoo wake. Hiyo hurithiwa kutoka kwa mzazi mmoja mwenye ugonjwa, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Ya pili ni ya Becker: wazazi wote wawili wamebeba jeni bila dalili, na kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4. Wazazi wazima, watoto wawili wanao, ilianza umri wa shule, miguu ndiyo inasumbua zaidi: kijana wako anaelekea huku kwa Becker. Wazazi wakiwa ndugu wa damu, kwa mfano mtoto wa mjomba na shangazi, uwezekano huongezeka. Uliza hilo kwa staha, bila kumlaumu mtu.

Aina ya Becker ina jambo jingine ambalo watu hawalisemi: udhaifu wa ghafla wa sekunde chache hadi dakika moja, pale anapotumia msuli uliopumzika. Kitu kinamtoka mkononi, au goti linalegea. Baada ya hapo nguvu zinarudi. Hapa ndipo jina la uvivu linapotokea, na ni kumwonea.

Habari njema ni kwamba aina hizi haziugusi moyo wala hazifupishi maisha. Lakini kabla ya kumtuliza mtu kwa maneno hayo, hakikisheni si magonjwa mengine yanayofanana nayo. La kwanza kulitafuta ni distrofia ya miotonia. Huko mikono inachelewa kufunguka vile vile, ila uso na mikono vinadhoofika mwaka hadi mwaka, kope zinalegea, mtoto wa jicho anakuja mapema, na umeme wa moyo unaweza kukatika. Kwa sababu hiyo kila mwenye miotonia apimwe ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na aangaliwe macho, hata akiwa kijana. Tezi ya shingo isiyofanya kazi ya kutosha nayo huchelewesha msuli kulegea, kwa hiyo kipimo cha damu cha tezi hiyo, TSH, kinafaa.

Taya zilizofunga kwa siku chache kwa mtu mwenye kidonda, hiyo ni pepopunda, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Shingo iliyopinda baada ya kupewa metoklopramidi (dawa ya kuzuia kutapika) au haloperidoli (dawa ya magonjwa ya akili) imeletwa na dawa hizo. Na mtu mzima ambaye mgongo na tumbo vimekuwa vigumu kama ubao, anabanwa akisikia kelele, na halainiki hata akirudia tendo, huo ni ugonjwa wa mtu mgumu, ulioelezwa mwaka 1956 na Moersch na Woltman. Chanzo chake ni kinga ya mwili na tiba yake ni nyingine kabisa.

Kuhusu dawa: diklofenaki haina kazi hapa, inamuumiza tumbo na figo bure. Dawa yenye ushahidi mzuri ni meksiletini. Jaribio lililochapishwa mwaka 2012 kwa watu 59 lilitumia miligramu 200 mara 3 kwa siku, na ukakamavu ulipungua waziwazi. Inanywewa na chakula kwa sababu inachafua tumbo, na haianzwi bila ECG. Haipatikani kirahisi. Karbamazepini, iliyozoeleka kwa wagonjwa wa kifafa, hutumika badala yake, na lamotrijini pia, inayopandishwa taratibu kwa wiki kadhaa. Vipele vikitokea ngozini au mdomoni, dawa isimame na mgonjwa arudi hospitali siku hiyo. Karbamazepini pia inapunguza nguvu za vidonge na kipandikizi cha uzazi wa mpango, na mtu anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, hulazimika kupewa miligramu 50 mara 2 kwa siku badala ya mara 1. Hayo aulizwe kabla ya kuandikiwa. Na si kila mtu anahitaji dawa: wengi wakishajua kujilainisha kabla ya tendo, wanaishi bila kidonge.

Madafu sasa. Yana potasiamu nyingi, takriban miligramu 250 kwa kila mililita 100, na korosho zina zaidi ya miligramu 600 kwa gramu 100. Kwa mwenye hitilafu ya CLCN1 hakuna sababu ya kukataza. Lakini kuna miotonia za vilango vya sodiamu, jeni SCN4A, ambazo potasiamu inazichochea, na baadhi yake hukaza zaidi kwa baridi au kadiri tendo linavyorudiwa. Kwa hiyo: kama kipimo cha ngumi kinaonyesha muda unaongezeka, au anakaza zaidi saa chache baada ya madafu mengi, asimamishe na amweleze daktari. Kama sivyo, anywe kwa kiasi kama watu wengine. Kuyanywa kama tiba hakuna maana.

MhudumuShangani

Ahsanteni sana, nimempima leo: mara ya kwanza sekunde 12, mara ya tano sekunde 3.

Yamebaki mawili. Anaswali, na kwenye kuinuka kutoka sijda au tahiyatu anabaki nyuma ya imamu. Na yule dada yake ana mimba ya miezi sita na anasema ukakamavu umezidi. Nifanye nini?

TabibuLindi

La dada ndilo la haraka, nianze nalo. Miotonia huzidi kwa baadhi ya wajawazito na hupungua baada ya kujifungua. Mfuko wa uzazi si msuli wa aina hii, kwa hiyo uchungu wenyewe hauzuiliwi na ugonjwa huu. Hatari iko kwenye chumba cha upasuaji. Suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli inayotumika sana wakati wa usingizi wa dharura, kwa mwenye miotonia inaweza kufanya kinyume: taya zinafunga, kifua kinakakamaa, na mtaalamu wa usingizi anashindwa kupitisha mpira wa hewa. Neostigmini, dawa ya kurudisha nguvu za misuli baada ya upasuaji, nayo inaweza kuchochea, na baridi ya chumba pia.

Andikeni kwenye kadi yake ya kliniki leo, kwa wino, ukurasa wa mbele: "ANA UKAKAMAVU WA MIOTONIA. USITUMIE SUKSAMETHONIAMU. MWILI UWE NA JOTO. GANZI YA MGONGO IFIKIRIWE KWANZA." Chini yake liandikeni jina la dawa hiyo kama linavyosomeka kwenye kichupa. Ajifungulie hospitali yenye upasuaji na mtaalamu wa usingizi, na aonane naye kabla ya wiki ya 36. Kaka yake naye awe na karatasi hiyo kwenye pochi, maana ajali haina miadi.

Kama ni Becker, mtoto wa dada atabeba jeni lakini hataugua, isipokuwa baba yake naye awe amelibeba.

FizioKusini

Kuhusu swala: ajilainishe nje, baada ya udhu, kwa kuchuchumaa nusu mara 10 na kuinama mara 5. Asimame pembeni mwa safu karibu na ukuta au nguzo. Katika kuinuka kutoka sijda atangulize viganja chini asukume navyo, badala ya kutegemea mapaja pekee. Rakaa za mwanzo ndizo ngumu, za baadaye mwili unakuwa umekwisha kulainika. Kikao kirefu cha mawaidha kabla ya swala ya Ijumaa kinamrudisha mwanzo, kwa hiyo akae kwenye kiti na achezeshe vifundo taratibu. Kuswali kwa kiti kwa mwenye udhuru kunajulikana, azungumze na imamu wake ili asionekane anapuuza.

MamaKazi_Masasi

Mimi niseme la kazi, maana ghala la korosho lina mitego yake.

Kubeba gunia la kilo 80 asiliguse. Ule udhaifu wa ghafla aliosema daktari ukimjia gunia likiwa begani, shingo na mgongo vinaingia hatarini. Kupepeta, kuchambua na kupanga madaraja kunamfaa zaidi, kwa sharti kwamba kila dakika 20 asimame na kutembea hata hatua 20. Kumweka kwenye kiti kutwa nzima kwa huruma ni kumharibia: kila akiinuka ataanza upya.

Kubangua kwa mkono ni kazi ya kufikiria mara mbili. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, na mkono usioachia kwa wakati unashikilia ganda lililovunjika kwa muda mrefu kuliko unavyotaka. Kama ni lazima, avae glavu, na afanye dakika 3 za kukunja na kukunjua vidole bila zana kabla ya kuanza. Mpini wa kisu au wa panga uwe mnene, usokotwe kitambaa mpaka unene wa sentimita 3 au 4. Mshiko mwembamba unataka ngumi iliyobana sana, na kadiri anavyobana ndivyo anavyochelewa kuachia. Shambani, wakati wa kuokota, kuinama na kuinuka mfululizo hakumletei shida kubwa. Shida inakuja wakati wa kuondoka kivulini baada ya mapumziko, basi hapo atumie zile dakika 2 za FizioKusini.

Nyumbani, ndoo ya lita 20 igawanywe mara mbili. Dada akikuna nazi, mbuzi iwekwe juu ya benchi ili asiinuke kutoka chini.

Bodaboda asiendeshe. Mkono uliogandia mshikio wa mafuta ukikataa kuachia, hakuna breki itakayomsaidia. Kupanda mnazi au ngazi ndefu hapana. Kujitosa majini kutoka kwenye boti au gati hapana pia, maana maji ya ghafla yanamshtua na mikono inafunga kabla hajaanza kuogelea. Akitaka kuogelea, aingie kwa miguu, maji yasizidi kifua, na mtu awe karibu.

MhudumuShangani

Mmenitendea wema mkubwa. Tumeandikiwa rufaa kwenda Dar es Salaam kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Aende na nini?

TabibuLindi

Aende na majibu ya ECG na TSH, na video tatu fupi za simu: ngumi ikifunguka mara 5 mfululizo, kuinuka kwenye kiti na hatua 10 za mwanzo, na macho yakifumbwa kwa nguvu kisha kufunguliwa. Andika majina ya dawa zote alizowahi kupewa. Chora ukoo: babu, bibi, wazazi, na ndugu wote, wenye dalili na wasio nazo. Huenda akapimwa EMG, sindano nyembamba inayosikiliza umeme wa msuli. Kama ni miotonia, mashine hutoa mvumo unaopanda na kushuka, na mtaalamu huutambua mara moja.

Safari ya basi ni zaidi ya kilomita 500. Achague kiti cha njiani, achezeshe miguu kila nusu saa, na basi likisimama Nangurukuru ashuke wa mwisho.

Na hili alishike: wagonjwa wengi wa miotonia huambiwa hawana kitu kwa sababu wametembea kutoka getini mpaka chumba cha daktari, na walipofika misuli ilikuwa imekwisha kulainika. Akiitwa, amwombe daktari amruhusu kwanza akae kimya dakika 10, bila kuchezesha chochote, ndipo ainuke mbele yake.